Ombi la Kufutwa kwa Siku ya Kusimika Vibanda

Kwa Mkurugenzi,
Karakana ya Vibanda, Mapaa na Vivuli vya Nje,
Ofisi ya juu, mlango wa pili baada ya ngazi.

KUHUSU: UTARATIBU MPYA WA "MKONO KWA MKONO", NA JINSI UTAKAVYOTUMALIZA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa, na chai iko karibu. Mimi sijambo, kwa kiasi cha mtu aliyesoma tangazo lako kwenye ubao pale karibu na mtungi wa maji, akalisoma tena, kisha akanywa maji yote ya mtungi.

Mimi ni muuzaji wako mwandamizi, mwaka wa tisa huu, yule ambaye karakana nzima, kuanzia mlinzi hadi wachomeleaji, wananiita Bwana Inawezekana. Jina hili sikujipa. Mteja akiuliza kama paa lake la kuegeshea gari linaweza kuwa refu, jepesi, lisilo na nguzo upande wowote na lisitikisike kwa upepo, mimi hujibu neno hilo moja, na mteja hutabasamu. Yote yanayofuata baada ya tabasamu huwa ni ya mafundi. Ndivyo tulivyogawana kazi, na sikumbuki mtu kulalamika, ukiacha mafundi na wateja.

Sasa Jumatatu umetangaza kwamba oda itakuwa na fomu moja badala ya zile karatasi saba. Kwamba muuzaji ndiye atakayepima uwanja, kuchora na kujaza. Na kwamba siku ya kusimika, muuzaji huyohuyo atapanda gari la mafundi, atashuka nalo kwa mteja, na asimame pale mpaka bolti ya mwisho ikazwe. Chini yake umeandika kwa herufi nene: "Aliyeahidi ndiye atakayekabidhi." Sentensi hiyo nimeizunguka siku mbili nikitafuta mlango wa kutokea.

Tangazo lina orodha ya oda zitakazoanza na utaratibu huu. Ya kwanza kabisa, Jumamosi hii, ni kibanda cha bustani cha mama mkwe wangu. Usije ukadhani naandika kwa sababu hiyo. Naandika kwa ajili ya kampuni. Ila kwa kuwa wewe ni mtu wa kuuliza maswali, bora nikueleze mwenyewe kabla dada wa mapokezi hajakueleza: oda ile niliichukua miezi saba iliyopita, haijasimama hadi leo, na wiki tatu zilizopita mke wangu alipanga nguo zake kwenye begi akaenda kwa mama yake. Alisema, "Nitarudi kibanda kikisimama." Mtu mwenye roho nyepesi angeisikia hiyo kama kitisho. Mimi nimeamua kuielewa hivi: amekwenda kumsaidia mama yake kusubiri.

Baada ya utangulizi huo, ambao hauhusiani kabisa na jambo lenyewe, malalamiko yangu ni haya.

1. KUPIMA KWA MITA. Fomu mpya ina nafasi ya urefu na nafasi ya upana, na pembeni imeandikwa "mita". Mheshimiwa, mimi hupima kwa hatua. Nimepima kwa hatua tangu uliponiajiri, na wewe mwenyewe uliwahi kusema nina mwendo unaoaminisha. Mteja anapenda kumwona mtu akitembea uwanjani kwake, mikono nyuma, akihesabu kwa sauti kama anayekagua gwaride. Ukileta mkanda wa chuma umeharibu shughuli, maana mkanda husema ukweli papo hapo mbele ya watoto na majirani.

Najua tatizo la hatua zangu ni nini, kwa hiyo usihangaike kunitumia fundi mkuu aje kunieleza. Mteja akinipokea kwa ukali, hatua zangu huwa ndefu, nataka niondoke. Akinipokea vizuri, zinafupika zenyewe kwa adabu, idadi inapanda, na uwanja unaongezeka. Halafu karatasi inafika kwa fundi mkuu, ambaye sisi humwita Pima Tena kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila karatasi. Yeye huzichukua hatua zangu na kuzitembea upya kwenye sakafu ya karakana kwa miguu yake, na wewe unamjua, Mungu hakumpa mirefu. Kwa hiyo kibanda chetu huanza kikiwa kikubwa, kinapungua njiani, na kinafika kikiwa karibu sawa na uwanja. Miaka tisa uongo wangu na ufupi wake vimekuwa vikisahihishana bila mtu kuumia. Unaleta mita za nini katikati ya maelewano kama haya?

2. KARATASI SABA. Watu wanazisema vibaya, lakini kila moja ilikuwa na kazi yake. Nikiandika "kibanda kikubwa, cha kupendeza", dada wa mapokezi, ambaye ana moyo mzuri, alikuwa akinakili "kikubwa sana, cha kupendeza". Stoo walibakiza "kikubwa sana" na kufuta kupendeza, wakisema kupendeza hawana stoo. Mchoraji alichora alichoweza. Hivyo hivyo mpaka karatasi ya saba, ambayo mara nyingi ilikuwa tupu kabisa ila alama ya kikombe. Kosa likitokea lilikuwa na wenyewe saba. Umoja ni nguvu, na makosa yetu yalikuwa na nguvu hasa. Sasa fomu moja ina sahihi moja, na kosa zima linamwangukia kichwani mtu mmoja, naye ana mke. Au tuseme alikuwa naye nyumbani.

3. SWALI NAMBA KUMI NA MBILI. Fomu inauliza: "Chini ya ardhi kuna nini?" Mtu hajanikaribisha hata kiti, nimwulize amezika nini uwanjani? Nilijaribu juzi kwa ajili ya utii tu. Mteja alikuwa mzee mmoja mpole, mstaafu wa posta, anataka kibanda cha kusomea gazeti. Nilipomuuliza alivua miwani, akasema pale chini kuna mbwa wake aliyeishi naye miaka kumi na mitatu, akaanza kunisimulia tangu mbwa akiwa hajafumbua macho. Tulilia wote wawili. Nilirudi ofisini sina kipimo hata kimoja, nina picha ya mbwa. Kwa utaratibu wa zamani fundi angechimba, angekutana na yule mbwa, angefukia, angesogea pembeni kidogo, na siri ingebaki kati yake na sururu. Kwenye fomu nimejaza: "Rafiki."

4. SAFARI YA MAJARIBIO. Mwezi uliopita ulinituma nipande gari la mafundi nijaribu, na bado sijapona. Nilikaa nyuma katikati ya nguzo na mifuko ya saruji, nimepakata ndoo ya bolti. Mafundi walifurahi kupita kiasi. Kila tulipopiga tuta, mmoja wao alinitazama akasema "Inawezekana," na wengine wakacheka mpaka dereva akasimamisha gari kuuliza kuna nini, akaambiwa, akacheka naye.

Tulikwenda kwa mwalimu wa chekechea, ambaye nilimwahidi kivuli cha watoto thelathini wakati wa mapumziko ya asubuhi. Paa lilipanda, zuri, limenyooka, mpaka pimamaji lilitulia lenyewe. Kisha jua likapiga, na kivuli chote kikaruka ukuta kikaenda kwa jirani. Huko kwa jirani kuna fundi redio anayefanyia kazi nje. Aliinua kichwa, akalitazama paa letu, akasogeza meza yake kivulini, akatushukuru kwa kutupungia bisibisi. Watoto thelathini walikuwa wamepanga mstari juani wakimtazama.

Mwalimu alinigeukia mimi. Hakumgeukia fundi wala dereva. Nilimweleza kwa upole kwamba kivuli tulimpa, kama tulivyoandikiana, na kwamba kuangukia kwa jirani ni suala la jua, na jua si mwajiriwa wetu. Hoja hiyo naiona imara hadi leo. Lakini binti mmoja wa miaka minne hivi alinivuta suruali akauliza, "Kivuli chetu kitarudi saa ngapi?" Mafundi wote wakageuka kusikiliza jibu langu. Niliona aibu, Mheshimiwa, aibu ya kweli, ya masikio kupata moto, na sioni kwa nini muuzaji aliyefanya kazi miaka tisa apatiwe aibu ya aina hiyo wakati zamani ilikuwa inawatosha mafundi. Wiki iliyofuata Pima Tena alirudi peke yake akafunga turubai upande wa mashariki, watoto wakapata kivuli chao, na hakunisema hata neno moja. Hilo la kutonisema ndilo linaloniuma mpaka sasa.

5. Namba hii niliikusudia iwe kali kuliko zote, lakini nilipoisoma tena nimeona inamgusa binamu yako wa stoo. Nimeifuta. Tuendelee.

6. KIINI CHENYEWE. Nimefanya uchunguzi wangu katika faili la malalamiko, lile la kijani ambalo dada wa mapokezi amelikalia ili kiti chake kilingane na meza. Nimesoma barua zote. Paa linavuja. Nguzo inacheza. Mlango umegeukia ukuta. Daktari wa meno anasema paa lake la magari mawili limeingia gari moja tu, na milango haifunguki, hivyo kila asubuhi anaingia kwa kupitia buti. Na barua hizi zote, bila kubakiza hata moja, ziliandikwa baada ya kusimika!

Hebu litazame jambo hili kwa utulivu. Hakuna mteja hata mmoja, tangu kampuni ianze, aliyewahi kulalamika kwamba kibanda ambacho hakijafika kinavuja. Kibanda ambacho hakijasimikwa hakiliwi na mchwa, hakishiki kutu, hakipeperushwi na upepo, na kila siku kinazidi kupendeza kichwani mwa mwenyewe. Utasema wapo wanaolalamikia kuchelewa. Hao tuliwaponza sisi kwa kuwapa tarehe. Asiyepewa tarehe hawezi kucheleweshewa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama kweli unataka kufupisha njia ya kutoka kuuza hadi kusimika, usihangaike na karatasi. Ondoa kusimika. Njia itakuwa fupi mpaka ishangaze.

Ushahidi ninao katika familia. Siku niliyokwenda kwa mama mkwe kuchukua oda alinipokea vizuri mno, kwa hiyo hatua zangu zikafupika mpaka nikapata kumi na moja kila upande. Tukaafikiana kibanda cha pembe nane, paa la mteremko kotekote, na mbele pasiwe na nguzo ili akikaa aone geti. Miezi saba imepita na sijawahi kuona mteja mwenye furaha kama yeye. Kamba ya nguo iliyokuwa katikati ya uwanja ameihamisha. Kila asubuhi anafagia mahali patakaposimama kibanda, na ole wako ukatishe pale na viatu. Alhamisi wenzake wa chama cha akina mama wanakuja kukaa ndani ya kibanda, yaani palepale juani, na miavuli, viti wamevipanga kwa pembe nane ili wazizoee mapema. Wakifika wanapitia mlangoni. Mmoja alikatiza ukutani kwa kusahau, akarudishwa. Niliwaona kwa macho yangu, nimesimama ng'ambo ya barabara nyuma ya gari la taka, na nakuhakikishia sijawahi kuona kazi ya karakana yetu ikitumika kwa heshima kama ile.

Nilisimama ng'ambo kwa sababu Pima Tena ameirudisha karatasi ya mama mkwe mara tano. Aliwahi kupita pale na gari, akachungulia juu ya ukuta, akaja kuniambia kwamba kibanda cha hatua kumi na moja kikiingia uwanja ule, mama mkwe atalala ndani yake atake asitake, maana kitafika mpaka chumbani. Anataka nikapime tena. Kupima tena maana yake nisimame mbele ya mama wa mke wangu na kumwambia kwamba mkwe wake alimwongezea uwanja kwa miguu. Hilo siliwezi. Nipe mtaro wa mji mzima niuchimbe kwa kijiko, nitashukuru.

Mke wangu naye, tangu aende kusubiri, hajalalamika hata mara moja. Hapigi simu kulalamika. Hapigi simu kabisa. Nyumba imetulia vizuri. Chai bado nachemsha ya watu wawili kwa mazoea, na kwa kuwa si vyema kumwaga, naimaliza, ndiyo maana siku hizi unaniona natokatoka kwenye vikao. Namkosa sana, Mheshimiwa. Hilo limeponyoka tu, usiliweke kwenye kumbukumbu.

7. MAFUNDI WATAKULA WAPI. Nimewafikiria, kwa sababu wana familia, na wengine wao hata wanaishi nazo. Wachomeleaji waendelee kuchomelea kwa ajili ya sauti, maana mteja akipiga simu ni vizuri asikie kazi nyuma yangu. Gari liendelee kuzunguka mitaani na nguzo zilezile, ila zibadilishwe rangi kila baada ya miezi kadhaa ili watu waseme biashara imechangamka. Pima Tena atembelee kila mteja mara moja kwa mwezi, asimame uwanjani, atazame juu, atazame chini, aseme "Mhm", aondoke. Nakuapia hakuna kinachompa mteja matumaini kama fundi kusema "Mhm". Na kila mteja apewe kibao chenye mguu mmoja imara, kimeandikwa HAPA PATASIMAMA KIBANDA. Hicho ndicho kitakachokuwa kitu pekee tunachosimika, na kwa sababu hakina upana wa kutisha, nitakipima mimi.

8. Kwa kuwa mimi ni mkweli, naungama kwamba hoja hii ina ukingo. Ukiisukuma kidogo mbele, kama mteja ana furaha kabla ya kusimikiwa, huenda alikuwa na furaha zaidi kabla ya kuagiza, na zaidi tena kabla hajakutana na mimi. Niliwaza hilo jana nikiwa nanyoa ndevu nikajikata. Naomba kamati utakayoiunda isifike huko.

9. Kutokana na hayo yote, naomba utaratibu wa Mkono kwa Mkono usimamishwe mara moja, hasa Jumamosi. Kama kuusimamisha wote haiwezekani, isimamishwe Jumamosi tu. Kama Jumamosi haiwezekani, gari liharibike. Dereva nimeshazungumza naye, anasema gari lile halihitaji kuombwa.

Naifunga barua hii nikiwa bado mtumishi wako mtiifu, mwenye sauti nzuri ya simu na viatu vilivyong'arishwa. Salamu zangu zimfikie mhasibu, mchoraji, mlinzi wa mchana, paka wa stoo pamoja na binamu yako anayemlisha, na watoto wako wote, ambao nasikia wamekua mpaka nguo haziwatoshi. Hao umewapima kwa macho tu, na hakuna aliyekufokea.

Wako katika kazi,
Bwana Inawezekana,
Muuzaji Mwandamizi.

Nakala: Dada wa mapokezi (aiweke kwenye faili la kijani, kiti chake kitapanda kidogo). Fundi mkuu nakala asipewe.

TANBIHI: Mheshimiwa, leo ni Ijumaa, bahasha ya barua hii ilikuwa imeshabandikwa nami nimeichana ili niongeze haya, kwa hiyo samahani kwa gundi.

Jana mke wangu alinitumia ujumbe. Ulikuwa mfupi, nitauweka wote: "Mama amesema msijisumbue tena na kibanda. Ameshazoea kukaa bila. Na mimi nimeanza kuzoea."

Niliusoma nimesimama, nikausoma nimekaa. Kwa mujibu wa namba 6 hapo juu huo ni ushindi wangu mkubwa kuliko wote: mteja ameridhika kabisa na kitu ambacho hakipo. Sijawahi kushinda vibaya namna hii maishani. Nikamwendea Pima Tena, nikamwambia nataka kwenda kupima tena. Hakucheka. Alifungua sanduku lake akanipa mkanda, vigingi na uzi, akasema tu nikimletea namba za kweli atakata mabomba ya nguzo siku hiyohiyo. Basi, fikiria mtu uliyemkimbia miezi saba akujibu hivyo.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mama mkwe. Kamba ya nguo imerudi katikati ya uwanja, na mashuka yameanikwa mahali ulipokuwa mlango. Nilimsalimia, akaitikia, akasubiri niseme kilichonileta. Nikamwambia yote: hatua, adabu iliyozifupisha, karatasi iliyorudi mara tano, gari la taka. Nikamwambia uwanja wake ni mita nne tu, na kwamba zile pembe nane hazitaingia hata tukizibembeleza. Akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka kivuli cha kukalia. Pembe nane ulizileta wewe. Na hilo geti nimeliona miaka thelathini, likizibwa na nguzo litapumzika nalo." Miezi saba nimejificha, Mheshimiwa, na yeye hata pembe hakuziomba.

Kwa hiyo tafadhali futa namba 1 hadi 9, pamoja na ile ambayo nilishaifuta. Fomu nimeijaza, iko ndani ya bahasha hii: pembe sita, mita tatu na nusu kutoka upande hadi upande, nguzo moja mbele ya geti, mteja anajua na amekubali. Swali namba kumi na mbili nimeuliza vizuri, na jibu ni bomba la maji, tumelikwepa. Sahihi ni moja, yangu.

Ilipofika kunyoosha mstari wa mashimo nilikwama, kwa kuwa uzi unataka watu wawili na mama mkwe goti linamsumbua. Nikawa nimechuchumaa pale na ncha yangu kama mjinga. Mke wangu akatoka jikoni na mikono yenye maji, akaokota ncha ya pili bila kuombwa, akarudi nyuma mpaka kwenye kigingi. Akasema, "Kaza, umelegeza." Tuna miaka kumi na minne kwenye ndoa na sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nimekaza. Mashimo mawili yameshachimbwa, naandika nikiwa nimekaa kwenye udongo wa la tatu, na yeye bado ameshika uzi. Gari lije kesho mapema.